Susu la Kwenda Nukus

Margilan, 6 Machi

Mwanangu Munavvar,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini u mzima, na kwamba tumbo lako sasa linaingia mlangoni kabla yako. Baba yako hajambo. Amenunua redio nyingine ilhali ile ya zamani bado inasema, na nikienda sokoni anazifungulia zote mbili ili zibishane, maana nyumba ikinyamaza anaumwa kichwa. Mti wa aprikoti umetoa maua mapema, na nina hakika baridi itarudi kuuadhibu. Jirani yetu Risolat anakusalimu. Habari ya mimba yako niliipata kwake kabla ya kuipata kwako, jambo ambalo sijalisahau.

Najua utasema ulipiga simu. Simu nimempa Risolat. Kwenye simu mtu akishindwa hoja husema mtandao unakatika. Barua haikatiki. Anayenijibu, anijibu kila neno.

Sasa neno lenyewe. Nimekwenda kwa fundi Mirzohid nikaagiza beshik. Unalijua: susu la mti lililopakwa rangi, lenye mshikio juu, tundu katikati ya sakafu yake, na mikanda ya kitambaa ya kumfungia mtoto asijipige makofi usingizini. Kwetu susu hutoka upande wa mama wa mtoto. Mama yako hayupo, Mungu amrehemu. Baba yako hawezi kuchagua hata tikiti maji. Kwa hiyo upande wa mama ni mimi. Hili si ombi, ni taarifa.

Nataka kitu kimoja kutoka kwako: ni mvulana au msichana? Fundi anangoja kuchonga kibomba cha mti cha kupitishia mkojo, na unajua cha mvulana si cha msichana. Tukikosea hapo, mtoto atalala bwawani.

Susu litapanda treni peke yake. Mimi siji. Unakumbuka harusini kwako mjomba wa mumeo Azat alivyoshika kipaza sauti akatangaza kwamba kuanzia siku ile umeshasahau njia ya kwenu. Nikasimama kumjibu. Sikuwa nimefika hata katikati ya hoja zangu, mama mkwe wako Ayzada akawapungia mkono wapiga muziki, ngoma zikanimeza. Niliapa palepale: sikanyagi tena Nukus mpaka Ayzada mwenyewe aje kunipokea kituoni, mbele za watu. Kiapo changu hakijapoa.

Ulipolazwa wewe kwenye susu, bibi yako alikugeuza makusudi, kichwa kikakaa upande wa miguu, akauliza, "Hivi?" Wanawake wakapiga kelele, "Siyo!" Akakulaza ubavu ubavu. "Hivi?" "Siyo!" Alipokulaza sawasawa ndipo wakasema, "Hivyo!" na zabibu kavu zikamwagwa juu ya susu. Aliyepiga kelele kuliko wote ni mimi. Nakukumbusha tu, ili huko mjue namna ya kuifanya bila mimi.

Shangazi yako,
Salomat


Nukus, 22 Machi

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Heri ya mwaka mpya wa Navruz kwako na kwa Baba. Huku upepo wa jangwani umeleta chumvi mpaka ndani ya kopo la sukari. Azat hajambo, anakusalimu kwa woga. Mama mkwe hajambo pia. Ameniuliza kama shangazi bado ana sauti ile. Nikamwambia ipo. Akasema, "Alhamdulillahi. Inafaa kufukuzia kunguru."

Asante kwa susu. Ila, Shangazi, usikasirike, tumeonelea tununue kitanda cha siku hizi, kile kinachowekwa ubavuni mwa kitanda cha mama. Upande mmoja unashushwa, unakifunga kwenye kitanda chako, na mkono unamfikia mtoto bila wewe kuinuka. Daktari anasema mtoto alale chali, kwenye godoro gumu, bila mto wala mablanketi, karibu nami lakini si kitandani mwangu.

Nimeona kimoja kizuri sana, cha bluu. Kina magurudumu yanayozunguka pande zote na hakina breki, kwa hiyo ni chepesi ajabu. Naweza kukisukuma kwa mguu mmoja kutoka chumbani mpaka jikoni huku nakata karoti. Waonaje?

Kuhusu mvulana au msichana, hilo siliandiki. Posta ina macho.

Nguo za mtoto nimeshazifua. Nazikunja, nazikunjua, nazikunja tena. Sina zaidi.

Munavvar


Margilan, 5 Aprili

Munavvar,

Sisi ni wazima. Mayai ya viwavi wa hariri yameanguliwa na chumba changu kimetekwa. Nalala jikoni kama paka. Baba yako anakata majani ya mforsadi na kulalamika, viwavi wanakula na hawalalamiki, na mimi nimeshaamua upande gani naupenda zaidi.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaketi, nikasimama tena.

Magurudumu! Mtoto ni toroli la sokoni? Nililala nyumbani kwenu kabla ya harusi. Nilidondosha tufaa sebuleni, likashika safari lenyewe mpaka roshani. Sakafu ile inainamia magharibi kama msafiri mwenye haraka. Wewe unakata karoti, mtoto anakwenda zake roshani kutazama magari. Aliyetengeneza kitanda kisicho na breki hajawahi kupata mtoto, na kama anaye, amwite, maana huenda ameshafika nchi ya jirani.

Huyo daktari wako kwa chali na godoro gumu namkubali. Nimesoma jambo hilo kabla hajazaliwa. Lakini "karibu na mama" si uvumbuzi wa kiwanda. Beshik lilikaa ubavuni mwa mama tangu enzi hizo, na mama alilitikisa kwa kidole cha mguu huku anasinzia. Leo mtu anakata upande mmoja wa sanduku, anakupa jina jipya, nawe unapiga makofi.

Fundi Mirzohid amemaliza kuchonga miguu. Baba yako alijaribu kulitikisa likiwa tupu, nikampiga mkono. Susu tupu halitikiswi, hata na mtu mzima mwenye redio mbili.

Mvulana au msichana? Fundi anauliza. Si mimi, ni fundi.

Shangazi yako


Nukus, 21 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Pole kwa viwavi. Miguu yangu imevimba hata viatu vya Azat vinanibana. Mama mkwe ananikanda kwa mafuta ya mkia wa kondoo, na nyumba nzima inanukia kama harusi ya mchungaji.

Una haki kuhusu magurudumu. Tumekiacha kile cha bluu. Sasa tumepata kingine, na Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyekichagua, akasema niandike kwamba ndiye aliyekichagua. Hiki kinatumia umeme. Kinajitikisa chenyewe, kasi unachagua wewe: ya chini, ya juu, na nyingine ambayo hatujaielewa. Juu kina taa za rangi zinazozunguka, na kinaimba. Kinajua wimbo mmoja, kwa Kichina, lakini sauti ni nzuri. Muuzaji anasema mama anaweza kwenda kazini kabisa.

Hivi je?

Munavvar


Margilan, 4 Mei

Munavvar, binti wa kaka yangu,

Tu wazima. Viwavi wamefikia ulaji wa mwisho na mlio wao ni kama mvua juu ya paa la bati. Usidhani nimekaa bure nikifikiria vitanda. Siwezi kutoka nyumbani hata nikitaka, na sitaki.

Nijibu. Umeme ukikatika hapo kwenu, na hukatika hata mtu akichemsha chai mbili pamoja, nani anatikisa? Na ukirudi kwa nguvu zote kwenye ile kasi ambayo hamjaielewa, nani anamwokota mtoto? Mnataka mjukuu wangu afungue macho aone taa za disko? Akue akiamini kwamba anayembembeleza ni waya? Na huo wimbo: unajuaje kwamba si tangazo la sabuni?

Nyuma ya taa hizo naona mkono wa Ayzada. Ni yuleyule. Mtu akianza kusema neno la maana, yeye anawasha muziki.

Susu limekwisha. Rangi ni nyekundu na kijani, yungiyungi kichwani, na mshikio umelainishwa kama mfupa wa sikukuu. Nimeshona mikanda mwenyewe. Kwa kuwa umenikatalia jibu, nimemwambia fundi achonge vibomba vyote viwili. Basi siri yako haina kazi tena. Susu linaweza kuja kesho.

Lakini nani atalifunga huko? Ayzada anafunga kwa mtindo wao, najua. Mkono wa kushoto kwanza! Wewe hukuwahi kufunga hata mzigo wa kuni.

Nauliza tu.

Salomat


Nukus, 17 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Habari za kwetu ni njema. Aprikoti zenu zilifika na kondakta wa treni, zikiwa zimepondeka na tamu. Nilizila nimesimama mlangoni, sikumbakishia Azat.

Nani atalifunga, unauliza. Sijui, Shangazi. Kweli sijui.

Usijisumbue kulituma, kwa sababu shida imekwisha. Cha umeme tumekirudisha dukani. Jirani wa ghorofa ya chini, yule mwenye mbwa wa kuchungia kondoo, ametupa bure kiboma cha mbao alichokuwa anawekea watoto wa mbwa. Mbao ni imara kabisa. Ubavu mmoja umetafunwa ukaisha, na huo ndio tutakaouelekeza kwenye kitanda changu, kwa hiyo hata kushusha upande hakuna haja. Azat amekisugua kwa siki. Harufu imetoka, karibu yote. Mama mkwe anasema mtoto anayelala penye harufu ya mbwa hukua na meno mazuri.

Hivi?

Munavvar


Margilan, 26 Mei

Munavvar,

Salamu baadaye.

Usimlaze mtoto wangu popote. Kiboma kirudi kwa mbwa. Viwavi wamefunga vifukofuko vyao na tumeshavipeleka kiwandani, hawanizuii tena. Nakuja mwenyewe, na susu, na vibomba vyote viwili, na sabuni.

Kiapo kiko palepale. Mwambie Ayzada aje kituoni. Asipokuja sitashuka. Nitampitishia kondakta susu dirishani na kurudi na treni hiyohiyo, wala usifikiri natania.

Salomat


Nukus, 9 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mtoto amezaliwa. Amekuja salama, na mimi ni mzima, naandika nimeegemea mito yote ya nyumba. Ana nywele nyingi na hasira nyingi. Analia mpaka jirani wa mbwa anabisha hodi. Mama mkwe alimtazama, akasema, "Huyu anayo hoja." Mvulana au msichana utaona ukimfunga.

Mama mkwe nimempa habari ya kituo. Alikuwa anakanda unga. Akasema goti linamuuma, kituo ni mbali, jua ni kali, na hajui kama ataweza. Nikamwambia shangazi hatashuka. Akasema, "Basi asishuke," akaendelea kukanda.

Shangazi, njoo tu. Nami naandika hivi bila utani: shuka hata asipokuja. Sherehe hatutaifanya mpaka ufike. Mtoto kwa sasa analala pembeni yangu, usiulize ndani ya nini.

Munavvar


Margilan, 8 Julai

Mwanangu Munavvar,

Nimefika salama. Baba yako alinipokea kana kwamba nimetoka kuhiji, kisha akaniuliza kama nimemletea betri. Risolat amekuja kunisikiliza tangu asubuhi na bado yuko hapa, anakula aprikoti zangu na kusema "ehe" mahali pasipo pake.

Nakuandikia yale usiyoyaona, maana ulikuwa nyumbani na mtoto.

Njia nzima ya jangwani nilikumbatia susu kama mtu aliyeteka nyara. Mzee mmoja wa behewa letu aliuliza, "Bibi, unapeleka wapi beshik tupu?" Nikamwambia napeleka hoja. Akahamia kiti kingine. Karibu na Nukus nilijipanga: nitakaa dirishani, nitatazama. Ayzada akiwepo, nitashuka polepole. Asipokuwepo, susu dirishani, nami narudi. Nakwambia ukweli, mwanangu, nilifunga na kufungua mikanda ya susu mara tatu, na nikailaumu treni.

Akawepo. Amesimama katikati ya jukwaa, mwavuli wa jua mkono mmoja, mkono mwingine mkate wa mviringo uliofungwa kitambaa. Pembeni yake Azat, amebeba spika ya harusi, waya wake ameuzungusha shingoni. Nikashuka. Watu wanapita na matikiti yao. Ayzada akachukua kipaza sauti kwa Azat, akakijaribu kwa kidole, tu, tu, kituo kizima kikageuka. Akakisemea:

"Salomat, harusini nilikukatisha. Hukuwa umefika hata katikati. Watu hawa hapa, kipaza sauti hiki hapa. Endelea."

Kisha akanipa.

Unanijua. Hotuba ile nimeilaza na kuiamsha tangu siku ya harusi yako. Ninayo yote, na sehemu ya tatu inamlenga yule mjomba wa Azat kwa jina. Nikashika kile kidude, nikafungua mdomo, kituo kinangoja, muuza matikiti ameshika mizani hewani. Likatoka neno moja: "Analala?"

Ayzada akasema, "Sasa hivi analia. Twende upesi."

Hiyo ndiyo hotuba yangu. Azat ni shahidi, na akicheka tena nitamwandikia yeye pia.

Sherehe uliiona. Uliona nilivyomfungua mtoto, nikakuta msichana, nikaweka kibomba kinachostahili, na wanawake wa Nukus wakasogea kutazama mikono yangu kama watahini. Niliinama nikamgeuza binti yako Oyjamol, kichwa upande wa miguu, nikauliza, "Hivi?"

Wakapiga kelele, "Siyo!"

Nikamlaza ubavu. "Hivi?"

"Siyo!"

Na hapo, Munavvar, nikiwa nimeinama na mtoto wa watu mikononi, nikasikia kitu kikianguka kichwani mwangu kama sahani. Hivi: magurudumu bila breki. Siyo! Hivi: umeme na Kichina. Siyo! Hivi: boma la mbwa. Siyo! Nikainua uso. Ayzada amesimama ukutani, ncha ya kilemba imeziba mdomo, mabega yanamtikisika. Nikakutazama wewe. Wewe ukatazama dari.

Nilimaliza kumlaza mtoto kwa heshima zote, wakasema, "Hivyo!" zabibu zikamwagwa, na mimi nikaenda moja kwa moja chumbani kwenu. Nikakikuta. Kitanda cha mbao nyeupe, kimefungwa barabara kwenye chako kwa mikanda, bila gurudumu, bila taa, bila unyoya wa mbwa. Shuka lilikwisha kufuliwa mara nyingi likalainika. Hukukinunua wiki hiyo, mjanja wewe. Nilikitikisa. Nikabonyeza godoro kwa ngumi, gumu. Nikapitisha vidole kati ya fito, nikapima kwa kiganja kama kuna pengo kati yake na kitanda chako ambamo mtoto anaweza kuteleza. Hakuna. Nilitafuta kasoro mpaka pilau ikapoa, na kuikosa kuliniuma kuliko ngoma za harusi.

Jikoni nilimbana Ayzada. "Nani aliyeanza?"

Anamenya karoti, hata hakugeuka. "Mwanao Munavvar alikuwa anakulilia tangu Machi. Alitaka kukuandikia njoo, nakuhitaji, mama yangu hayupo. Nikamwambia, usithubutu. Mwanamke yule akiitwa, atakumbuka kiapo. Akibishiwa, atakuja hata kwa miguu."

"Na mbwa?"

"Mbwa ni wangu. Nilijivunia sana mbwa."

"Na goti?"

"Goti linauma kweli. Ila kukosa kukuona uso wako pale kituoni kungeniuma zaidi."

Nimeshindwa hoja moja tu maishani mwangu, na walionishinda hawakutoa hoja hata moja. Nakuarifu kwamba nimekasirika, na kwamba hasira hiyo imenifanya niimbe njia nzima ya kurudi, hata yule mzee, ambaye bahati mbaya alirudi na treni yangu, akahama tena.

Basi iwe kama tulivyokubaliana: mchana susu, wewe ukiwa karibu, mikanda isikazwe, mkono wa kulia kwanza, usiku kitanda chenu cheupe, chali, bila mto. Ayzada akifunga kushoto kwanza, nyamaza, kisha niandikie.

Kibomba cha mvulana nimekiacha kabatini mwako, nyuma ya vikombe. Baba yako alitaka nikirudishe akakitengeneze filimbi. Nimemwambia kina kazi.

Ile barua ya Machi, ambayo hukuniandikia, ungeniandikia tu. Ningekuja. Ningechelewa kidogo, lakini ningekuja.

Shangazi yako,
Salomat


Nukus, 30 Julai

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo kutoka kwangu, na makelele kutoka kwa Oyjamol. Ananenepa mpaka viwiko vimepotea. Mikanda ya susu anaijua. Akiiona anatulia kama mtu aliyeletewa chai. Azat hajambo. Goti la Mama mkwe linaendelea vizuri.

Ndiyo, ningeiandika. Niliianza ile ya Machi, iko chini ya godoro. Ukija nitakupa uisome.

Kuna jambo dogo. Wakati wa kumnyoa mtoto nywele za kwanza umekaribia. Mama mkwe anasema tusihangaike kutafuta mtu. Yule jirani wa mbwa ana mashine ya kunyolea kondoo, ina nguvu, kazi inaisha kabla mtoto hajajua. Tunafikiria Ijumaa.

Hivi?

Munavvar


Margilan, 9 Agosti

Munavvar,

Siyo!

Mwambie Ayzada aje kituoni na mkate uleule. Kipaza sauti akiache nyumbani.

Salomat